Rangi Tamu ya Nyumba ya Fizi

Juzi nilipanda Fizi kumsalimu dada yangu, nikapita mbele ya nyumba moja ya wakati wa Wabelgiji ambayo vijana wanaitengeneza upya. Mmoja wao alikuwa ameshika lampa ya moto, anachoma rangi ya mlango ili ivimbe, kisha anaikwangua. Moshi unamwingia puani, naye anaimba. Nikamwambia, "Mwanangu, zima hiyo." Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Juu ya nini nizime, baba?" Jibu lake ni refu, ndilo hili, na ninawapa nyote mnaoshika brosi ya rangi na msumeno, kwa sababu mimi sasa magoti hayapandi tena ngazi na kazi iliyobaki kwangu ni kusema.

Nimepaka rangi maisha yangu yote, Baraka na Fizi na vijiji vya katikati: makanisa, mashule, ofisi, mitumbwi, majeneza. Aliyenifundisha ni fundi Asukulu. Alizaliwa Lweba, kwa watu wa kuvua samaki, lakini mtumbwi ukitikisika kidogo tu alitapika, basi akaenda kutafuta kazi ya nchi kavu. Alisema ngazi ni nzuri kuliko mtumbwi kwa sababu chini ya ngazi hakuna mamba. Alijifunza penture, yaani kazi ya kupaka rangi, kwa Mbelgiji mmoja kabla ya Uhuru, na mikono yake ilikuwa mitulivu sana. Alikuwa anapaka ukingo wa dirisha bila kugusa kioo, huku anakusimulia habari za mkwe wake.

Kwake nilijifunza kuanza juu na kushuka. Nilijifunza kuosha brosi siku hiyo hiyo hata kama njaa inaniuma, na kutia chumvi kidogo kwenye chokaa ili isitoke kwenye nguo za watu wanaoegemea ukuta. Na nilijifunza jambo moja ambalo nawaomba msilifanye kamwe. Akikutana na rangi ya zamani, Asukulu alibandua kipande na kukiweka kwenye ulimi. Ikiwa chungu au haina ladha, alitema. Ikiwa tamu, alifurahi.

"Hii ndiyo penture ya kweli," alikuwa anasema. "Iko na plombo ndani. Haitoke ovyo."

Plombo ni ile risasi ambayo wavuvi wetu wanafunga kwenye nyavu ili zizame. Wabelgiji walikuwa wanaitia katika rangi ya milango, madirisha na baraza, maana ilistahimili mvua na jua. Asukulu aliijua kama mpishi anavyojua chumvi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni sumu.

Ilikuwa miaka ile ya Chama kimoja, wakati kila mtu anaitwa Sitwayen, yaani raia, na wakubwa wanavaa koti lisilo na tai. Siku moja Komisere wa zone, mkubwa wa serikali pale kwetu, alimwita Asukulu ofisini, mimi nikamfuata nimebeba ngazi, maana tulikuwa tunatoka kazini. Habari ilikuwa kwamba mkubwa mmoja wa Chama atashuka kutoka Bukavu, na akifika Fizi atapumzika katika nyumba ya Direkteri wa shule. Nyumba ile ilikuwa ya serikali, ya wakati wa Wabelgiji, nzuri kuliko zote pale. Komisere alitaka iwe ya kijani, kijani kile cha bendera, milango, madirisha, baraza yote.

"Rangi mupya haishike juu ya ile inapasuka," Asukulu akasema. "Lazima tukwangue kwanza, Sitwayen Komisere."

"Mukwangue, muchome, mufanye vile munajua. Siku ya mugeni mi naona kijani."

Tukaenda. Rangi ya ile nyumba ilikuwa nyeupe iliyogeuka manjano, imepasuka kama ngozi ya mamba, tabaka juu ya tabaka. Hiyo ndiyo alama yake, vijana, ishikeni kichwani: mipasuko ya miraba, na vipande vizito kuliko unavyotazamia, vinavyoanguka kama magamba. Asukulu akaonja. Ilikuwa tamu. Akawasha lampa, mimi nikashika chuma cha kukwangua, tukaanza.

Ndani alikuwa Mmunga, seremala, rafiki yangu wa rika moja. Yeye alipewa plafo ya salon, yaani dari ya sebule. Ilikuwa ya fibro, yale mabamba ya kijivu, magumu kama jiwe na mepesi kama karto ya boksi. Maji ya mvua yalikuwa yameyatia madoa, na mengine yalilegea. Mmunga aliyashusha kwa nyundo, yakivunjika yavunjike, kisha akakata mapya kwa msumeno palepale ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo. Ukiingia ulikuwa huoni ukuta wa pili. Alitoka nje nywele nyeupe, nyusi nyeupe, akasema, "Muniangalie, nimezeeka mbele ya baba yangu." Tulicheka sana. Ndani ya fibro kuna amiante, wengine wanaiita asbesto, jiwe lenye nyuzi nyembamba ambazo jicho halizioni. Hilo neno sisi hatukulijua. Tuliona vumbi, na vumbi kwa fundi ni kama maji kwa mvuvi.

Direkteri aliitwa Wilondja. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, aliyeongea na sisi mafundi kama anavyoongea na walimu wake. Yeye na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, Sifa, ambaye alikuwa ameanza kuongea vizuri na hakunyamaza. Aliuliza jina la kila chombo chetu na kesho yake analikumbuka. Mama Sifa alimfukuza karibu na ngazi, mtoto anarudi. Kila jioni mama alifagia baraza kwa fagio kavu, vumbi la rangi na la fibro linapanda hewani, linashuka juu ya meza, juu ya masahani, juu ya kitanda cha mtoto. Familia haikuwa na mahali pengine pa kulala, na Komisere hakuwapatia. Walihama chumba kwa chumba, sisi tukiwafuata.

Kabla hatujamaliza, brosi ilimponyoka Asukulu. Akaiokota, ikaanguka tena. Nilimtania kwamba mkwe wake amemloga. Hakucheka. Alinyoosha mkono wa kulia mbele yake, na kiganja kikabaki kimening'inia chini kama kitambaa kilicholowa. Alijaribu kukiinua, tukaona mishipa ya mkono inajaribu, lakini kiganja hakikupanda. Ndipo aliponiambia kwamba tumbo linamkata tangu zamani, na kwamba anajificha nyuma ya nyumba akijikunja mpaka lipoe.

"Twende kwa munganga," nikasema.

"Tumalize dirisha hii kwanza."

Hatukuimaliza. Kelele ilitoka ndani. Sifa alikuwa ameanguka karibu na meza, macho yamegeuka, mwili wote unatetemeka, povu mdomoni. Degedege. Kikombe chake kilikuwa kimepinduka na maziwa yanatiririka chini ya kiti. Direkteri alimbeba mtoto akakimbia naye disipanseri, kiatu kimoja mguuni.

Sasa hapa mumjue Muhire. Alikuwa Munyamulenge, mfugaji wa milimani kule Bibokoboko, mtu mzima, Mprotestanti wa kuimba njia nzima, aliyeshuka siku za soko na maziwa katika vyombo vya mti. Mama Sifa alikuwa mteja wake, tena alimpa kiti na chai, wakaongea habari za mvua na za ng'ombe. Asubuhi ile alikuwa amepita. Majirani walipoyaona maziwa chini, mmoja alisema kwa sauti maneno ambayo watu walikuwa wananong'ona siku zote juu ya watu wa milimani, kwamba wanatia sumu. Mwingine akayaongeza. Kabla jua halijafika kichwani vijana wa Chama walikuwa wamemkuta sokoni. Walivunja vyombo vyake, wakamwaga maziwa njiani, wakampiga kwa fimbo na mateke mpaka jicho moja likafunga, kisha wakamtia kasho, chumba cha kufungia watu, nyuma ya ofisi ya zone. Mimi niliwaona wakipita naye. Alikuwa anauliza, "Nimefanya nini? Muniambie tu nimefanya nini."

Kesho yake nilimpeleka Asukulu disipanseri kwa nguvu. Munganga pale alikuwa mama mmoja, Mama Anyasi, mwanamke wa maneno machache, aliyekuwa ameishi miaka mingi katika jimbo la Shaba, ambako mume wake alifanya kazi katika karakana ya kuyeyusha betri. Alipoona kiganja kinavyoning'inia, hakugusa tumbo wala hakuuliza homa. Alisema, "Fungua kinywa." Akavuta mdomo wa chini kwa kidole, akaangalia ufizi. Hata mimi niliuona mstari wa buluu, mwembamba, kama mtu ameuchora kwa kalamu chini ya meno.

"Unafanya kazi ya betri?"

"Hapana, mama. Mi ni wa penture."

"Unakwangua ya zamani?"

"Tunachoma na tunakwangua."

Mama Anyasi alikaa. "Mume wangu alikuwa na mukono kama huu," akasema. "Ni plombo. Inaingia kwa mudomo na kwa pua, inakaa ndani ya damu, ndani ya mifupa. Munafanya kazi nyumba gani?"

"Ya Direkteri."

Alisimama, akaingia chumba cha pili. Sifa alikuwa amelala pale, mama yake pembeni, baba yake amesimama ukutani. Tulimfuata hadi mlangoni. Munganga alifungua kinywa cha mtoto kama alivyofungua cha Asukulu, akakiangalia sana.

"Mama Sifa, mutoto alikuwa anakula rangi?"

"Mutoto wangu hakule rangi! Alikunywa maziwa. Kila mutu anajua ni maziwa."

"Wewe ulikunywa ile maziwa?"

"Nilikunywa."

"Na baba yake?"

Direkteri akajibu kwa sauti ndogo, "Nilikunywa. Ndani ya chai."

Mama Sifa aliangalia chini. Mimi nikaelewa kwamba kazi yangu ni kuitafuta ile rangi, nikatoka, nikaenda kwenye ile nyumba. Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba ambacho mtoto alikuwa analala siku zile. Kitanda chake kilikuwa kimesukumwa chini ya dirisha, mbali na vumbi la salon. Nikapiga magoti mpaka macho yangu yakawa sawa na ubao wa chini wa dirisha, sawa na uso wa mtoto aliyesimama kitandani anaangalia nje. Pale, kwenye ile rangi ya zamani ambayo bado hatujaikwangua, palikuwa na alama za meno. Si moja. Ubao mzima ulikuwa umetafunwa ukingoni, mahali pengine mpaka kwenye mti.

Nilimwita Direkteri. Alikuja, akapiga magoti, akavua miwani, akapitisha kidole juu ya zile alama polepole.

"Ni meno yake," akasema. "Hili la mbele lilivunjika kidogo alipoanguka siku za nyuma." Kisha akaniuliza, "Juu ya nini mutoto anakula dirisha?"

"Iko tamu, Direkteri."

Alikaa chini sakafuni, akaegemea kitanda cha mtoto wake. Sitaki kuwasimulia uso wake.

Muhire alikuwa bado ndani ya kasho, na watu walikuwa wanasema atapelekwa gereza la Uvira, na anayepelekwa Uvira kwa jambo kama lile huwezi kujua atarudi lini. Tulikwenda kwa Komisere: Direkteri, Asukulu na mimi. Njiani Direkteri alisimama mara mbili, akitaka kurudi. Si kwamba alikuwa mwoga kuliko wengine. Wakati ule, mtu akisema kwamba nyumba ya serikali, iliyoandaliwa kwa ajili ya mkubwa wa Chama, ina sumu, anaweza kuulizwa nani ameitia. Na waliokuwa wanaitengeneza ile nyumba ni sisi.

Komisere alisikiliza maneno ya Direkteri, ambayo yalikuwa yanakatika katikati. Kisha akainama mbele.

"Unasema nyumba ya serkali inaua batoto?"

Ndipo Asukulu aliposhika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauinua mbele ya meza, chini ya picha ya Rais, akauachia. Kiganja kikaanguka.

"Mi sisemi nyumba, Sitwayen Komisere. Nyumba ni ya kwetu. Nasema rangi. Ile rangi bakoloni ndiyo baliiweka."

Komisere aliangalia kile kiganja, akaangalia dirisha la ofisi yake mwenyewe, ambalo lilikuwa na rangi ileile.

"Bakoloni," akasema.

"Ndiyo. Balienda, bakatuachia sumu kwenye milango. Huyu mutu wa maziwa haijui hata."

Niliona sura ya Komisere inalegea. Aliyarudia yale maneno kwa askari aliyekuwa mlangoni, kama mtu anayejaribu koti: "Balienda, bakatuachia sumu." Yalimpendeza. Akaamuru Muhire atolewe. Kisha akatuambia tuimalize nyumba haraka, maana kama rangi ya wakoloni ni mbaya hivyo, basi kijani kiifunike upesi.

Muhire alitoka akiwa ameshika ukuta. Mama Sifa alikuwa amefika, amesimama juani na kitambaa kichwani, anataka kuomba radhi na hajui aanzie wapi. Yeye Muhire ndiye aliyeanza.

"Mama, mutoto iko namna gani?"

Mama Sifa alilia. Direkteri akamshika Muhire mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema arudi, kwamba nyumba yao ni yake. Muhire alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sina chuki na ninyi," akasema. "Lakini hapa sitashuka tena."

Akachukua njia ya milimani, anatembea polepole, mikono mitupu. Wanawe pia hawakuleta maziwa Fizi miaka mingi.

Mgeni wa Chama alikuja, ndiyo. Watu walicheza na kuimba tangu asubuhi. Gari lilisimama, alishuka, akapunga mkono, akasikiliza hotuba, akapanda akaenda. Hakuingia ndani. Katika hotuba yake Komisere alisema wakoloni walituachia sumu, watu wakapiga makofi. Hakueleza sumu gani. Nyuma ya nyumba, lundo la magamba ya rangi na fibro iliyovunjika lilikuwa bado pale, na watoto wa jirani walikuwa wanalichezea.

Lile lundo tulilizika mimi na Mmunga, kwa jembe, mbali na kisima, baada ya kulimwagia maji. Na tangu siku ile Asukulu alibadilisha kazi yetu yote. Mkono wake haukushika tena brosi. Alikaa kwenye kiti anatufundisha kwa mdomo, tena kwa ukali ambao hakuwa nao mwanzo. Hayo ndiyo ninayowapa. Rangi ya zamani msiichome. Ikiwa imeshika vizuri, iacheni, mpake juu yake. Ikiwa inatoka, ilowesheni kwanza, mkwangue ikiwa mbichi, na chini mtandike turubai. Mama mwenye mimba na watoto watoke katika nyumba, si katika chumba, katika nyumba. Msifagie kavu, panguseni kwa kitambaa chenye maji. Msile na mikono ya kazi, na zile nguo msirudi nazo nyumbani mtoto akazikumbatia. Fibro nayo, ikiwa nzima, msiiguse. Ikilazimika kushuka, ilowesheni, mtoe misumari, mshushe bamba zima, mzike. Msumeno usiikaribie. Kitambaa puani hakitoshi, na mkipata kinyago cha kazi cha kweli, kivaeni hata kama jirani anacheka.

Mmunga alicheka na sisi miaka mingi, mwenye nguvu kama ng'ombe. Uzeeni kifua kilianza kumbana. Hakuwa anakohoa sana, alikuwa tu hapati hewa, mpaka kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni kukawa safari. Daktari wa Baraka alimuuliza alifanya kazi gani. Alipotaja fibro, daktari aliandika na hakuuliza tena. Siwezi kuapa kwamba ni ile salon. Aliikata fibro nyumba nyingi. Asukulu yeye alitangulia mapema, tumbo na figo, na siku za mwisho mkewe ndiye aliyekuwa anamlisha.

Sifa hakufa. Mama Anyasi alikataa arudi katika ile nyumba, na Direkteri akahamia nyumba ya matofali ya udongo, ndogo, bila rangi yoyote. Degedege lilipungua, likaisha. Tulishukuru. Ilichukua muda kuona kile ambacho hakikurudi. Yule mtoto wa maneno mengi alikuwa anatafuta neno, analikosa, anacheka. Shuleni alirudia darasa la kwanza, akalirudia tena, mpaka walimu, waliokuwa chini ya baba yake, wakashindwa kumwambia ukweli. Direkteri akajiambia mwenyewe. Akamtoa shule akaanza kumfundisha nyumbani kila akitoka kazini.

Siku moja, Sifa akiwa msichana mkubwa tayari, nilikwenda pale kurekebisha mlango. Nilimkuta Direkteri amekaa naye kwenye mkeka, na kibao cha mawe magotini. Alikuwa ameandika jina la mtoto kwa chaki, herufi kubwa nzuri, mkono wa mwalimu. Sifa aliliangalia, akaligusa, akamwangalia baba yake kwa uso wa furaha.

"Huyu ni nani, papa?"

"Ni wewe," Direkteri akasema.

Akafuta kwa kiganja, akaandika upya.